Kabla Uulize Ni Pombe Gani, Uliza Imepikwa Ndani ya Nini

Sikizeni wasee. Kila mara watu wakifa kwa pombe nchi hii, tunauliza maswali matatu yaleyale. Nani aliuza? Chifu alikuwa wapi? Na vijana wa siku hizi wana shida gani? Sijawahi kusikia mtu kwa redio akiuliza la nne, na kwangu ndilo la maana: hiyo kitu ilipikwa ndani ya nini?

Msimamo wangu ni huu, na nauweka mapema ndio usiniambie nimekuzungusha. Pombe ya nyumbani ikipikwa wazi, ndani ya sufuria safi unayoiona kwa macho yako, shida zake ni zile za pombe yoyote ile. Ikipikwa kwa kujificha, chombo chenyewe kinakuwa sumu ya kwanza. Na anayechagua hicho chombo si mama pima. Ni siri. Hiyo siri imetengenezwa na wakubwa wanaomwaga pombe mbele ya kamera kila mwaka wakidhani wamefanya kazi.

Kama hujafika miaka 18, hii si ruhusa. Soma, jua, kaa mbali. Na kama wewe umeamua hunywi kabisa, heshima yako. Lakini uko na binamu anayekunywa, ama mjomba, kwa hivyo usiende.

Najua mtasema mimi ni nani, niliacha chuo mwaka wa pili. Sawa. Huhitaji digrii kujua kwamba pipa lililobeba dawa ya kunyunyizia mimea halifai kubeba kitu cha kuingia tumboni. Wenye digrii wanajua hilo pia. Tofauti ni kwamba hawalisemi.

Mimi ni wa Subukia, lile bonde unapitia ukitoka Nakuru kwenda Nyahururu. Watu wa nje wanatujua kwa ile madhabahu ya Bikira Maria ambapo Wakatoliki wanakuja kuhiji kutoka kila pembe ya Kenya. Sisi wa ndani tunajua pia kwamba huwezi kwenda ruracio ukose kuona muratina. Wazee watakaa, mtungi utakuja, baraka zitatolewa. Hakuna mtu hapo anaona aibu. Hakuna anayechungulia dirishani kama karao wanakuja. Na angalia chombo chenyewe: kibuyu kilichotunzwa, ama mtungi uliooshwa tangu jana, na mama mwenye nyumba anajua kila kitu kilichoingia ndani. Asali ama maji ya miwa, maji safi, na lile tunda la mti wa muratina lililokatwa na kuanikwa juani, ambalo ndilo linabeba hamira ya kuichachusha.

Sasa toka hapo, teremka mtoni. Utakuta pipa la lita 200 limezikwa nusu kwenye matope, limefunikwa kwa majani na gunia, limejaa kangara inayotoa povu. Pipa lilikuwa la nini zamani? Oili? Rangi? Dawa ya shamba? Hata mwenye kuipika hajui, alilinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Ndani limeshika kutu. Nje kuna maandishi yaliyofutika na picha ya fuvu ambayo bado unaweza kuiona vizuri ukiinama.

Ni kijiji kimoja, na pengine familia moja. Kwa nini chombo cha kwanza kinatunzwa kama mtoto na cha pili ni takataka?

Jibu ni hesabu tu. Mwenye pipa la mtoni anajua siku yoyote litapatikana. Chifu atakuja na askari, watalitoboa kwa shoka, watapigwa picha, wataenda. Sasa wewe niambie, ni nani mwenye akili ataweka pesa yake kwa sufuria nzuri ya chuma kisichoshika kutu, halafu aiache mahali itatobolewa? Hakuna. Atachukua chombo ambacho kikipotea hakumuumizi. Chombo cha bei ya chini kabisa, kisichotoka kwa jikoni la mtu. Hiyo ndiyo maana nasema siri ndiyo inachagua pipa. Kila msako unaofanywa unamfundisha mpishi somo moja tu: mara ijayo tumia kitu kibaya zaidi.

Na hii si tabia mpya. Enzi za mkoloni, manispaa ya Nairobi ilikuwa na jumba lake la pombe pale Pumwani, inauza na kukusanya pesa, huku mama aliyepika yake nyumbani akikamatwa. Bia ya chupa, ile ya Wazungu, Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kuinunua hadi 1947. Mwaka wa 1922 ndugu wawili Wazungu, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda kidogo cha bia Nairobi, na mzigo wao wa kwanza ulikuwa kreti 10 zilizopelekwa hoteli ya Stanley. Kreti 10 tu! Leo hiyo ndiyo Kenya Breweries. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu, na wanasema ndipo jina Tusker likatoka. Hiyo hadithi tunaipenda sana, tunaiweka hadi kwa fulana. Lakini mama wa Subukia mwenye kreti 10 zake tunamuita mhalifu. Tofauti kati yao si usafi. Mmoja aliruhusiwa kununua vyombo vizuri akaviweka wazi.

Mwaka wa 2010 tulipata sheria mpya ya vileo, ile tunaita sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge wa Naivasha wakati huo. Iliifuta sheria ya 1980 iliyopiga marufuku chang'aa. Kwa karatasi, mlango ulifunguliwa: pata leseni, fuata viwango, uza. Kwa ground, mambo ni tofauti. Leseni na viwango viliandikwa na watu waliokuwa wanafikiria kiwanda. Mama wa jikoni moja na sufuria moja hana pa kuingilia, kwa hivyo amebaki mtoni palepale. Anayeuza bila leseni anavunja sheria, sikatai, na sikuambii uivunje. Nauliza tu ni nani aliandika sheria ambayo maskini hawezi kuitii hata akitaka.

Halafu wenyewe wanajua dawa. Mwaka wa 2004 ile bia ya Senator ilipoletwa, serikali iliipunguzia ushuru waziwazi, ndio mtu wa mapato ya chini apate kitu salama badala ya sumu. Na inakujaje kwa baa? Ndani ya pipa la chuma lililofungwa, linalorudi kiwandani kuoshwa na kujazwa tena. Kwa hivyo serikali inaelewa vizuri sana kwamba chombo ni maisha. Imeelewa kwa kampuni kubwa. Kwa mama wa bondeni, imeelewa shoka.

Sasa tuongee kuhusu vifo, kwa sababu hapa watu wengi huchanganya mambo. Novemba 2000, Mukuru kwa Njenga na mitaa ya karibu Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kumi kumi, na wengine wakapofuka. Februari 2024, kijiji cha Kangai, Kirinyaga, zaidi ya watu 10 wakaenda. Muuaji wa kawaida kwenye majanga ya namna hii anaitwa methanoli, kemikali ya viwandani. Ikiingia mwilini, ini linaibadilisha kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho kwanza, ndiyo maana watu hupofuka kabla ya kufa. Huwezi kuionja wala kuinusa ukaijua. Na kiasi cha kuua watu wengi hivyo hakitoki kwa wimbi ama asali iliyochachuka. Mtu anaimimina ili iwe kali haraka. Inamiminwa wapi? Mahali hakuna anayeona. Pipa lililozikwa haliwezi kukuambia nani amepita hapo usiku.

Kwa hivyo wale marafiki zangu wa "ya kienyeji ni ya asili, haiwezi kukudhuru", nanyi tulieni. Asili inaishia pale unapoweka kwa chombo. Asali ni ya asili, lakini pombe yake ina asidi, na asidi inakula chuma. Ukiiweka kwa ndoo ya bati iliyopakwa zinki, zinki inaingia kwa pombe na utatapika hadi ujue. Ukitumia mrija wa radieta kuukuu ya gari, viungo vyake huenda vimeungwa kwa risasi, na risasi haikutapishi leo. Inakaa ndani yako, inakula figo na ubongo polepole. Huyo babu yako unayemtaja alitumia kibuyu. Radieta hakuwa nayo.

Basi chombo kizuri ni kipi? Hapa nitaongea na wale wanaotaka kujifunza kupika bia halisi nyumbani, ya nafaka, ya kunywa wenyewe, kwa sababu hiyo kitu inakuja na afadhali ije vizuri.

Anza na ukubwa. Ukitaka lita 20 za bia, usinunue sufuria ya lita 20. Bia ikianza kuchemka inapandisha povu kama maziwa, na ukigeuka sekunde moja tu, jiko lote limejaa. Tena saa moja ya kuchemsha inakula lita tatu hivi kwa mvuke. Tafuta sufuria ya lita 30 hadi 35. Pana kiasi, lakini isiwe kama karai, na chini iwe nene. Ikiwa nyembamba, sukari ya nafaka inaungua pale chini na bia yote inakuwa na ladha ya ugali ulioshika.

Kisha madini yake. Chuma kisichoshika kutu ndicho mfalme. Bei inauma, lakini utamwachia mtoto wako. Ukikosa, sufuria ya kawaida ya alumini, zile kubwa za harusi, inafanya kazi vizuri. Siri yake ni moja: ule weusi wa kijivu unaotokea ndani usiukwangue. Ndio ngozi yake, unailinda bia. Chemsha maji matupu ndani yake kwanza, osha kwa sabuni na kitambaa, na usiwahi kuweka soda kali, inaila alumini mbele ya macho yako. Ila chunga zile zinazomiminwa kwa vyuma vya kila aina vilivyoyeyushwa. Watafiti waliopima sufuria za aina hiyo kule Kameruni walikuta zinatoa risasi. Jua kali ni ndugu zetu, lakini muulize fundi ameyeyusha nini. Akisema hajui, msalimie uende.

Enameli, ile yenye rangi nyeupe ama buluu, ni nzuri hadi siku inapokwaruzika. Baada ya hapo ni kutu. Ndoo za bati, mabati, karai za ujenzi: hapana, hapana, hapana. Hata wale wanaokaanga unga wa busaa juu ya kipande cha mabati, tafuteni sahani ya chuma kitupu. Na plastiki si ya kuchemshia, ni ya kuchachushia tu, iwe iliyotengenezwa kwa chakula, na ikianza kuwa na mikwaruzo ndani uitupe kwa sababu vijidudu vinaishi humo. Pipa la buluu lililobeba kemikali, hata ulioshe mara 100, plastiki ilishakunywa ile kitu. Itakurudishia.

Tukija kwa vifaa vyake, cha kwanza ni mfereji. Sufuria ya lita 30 ikiwa imejaa ni kilo 30 za moto wa kuchemka. Usiinue. Watu wameungua miguu hadi hawatembei. Mwambie fundi atoboe tundu la nusu inchi, vidole viwili juu ya sehemu ya chini, ili machicha yabaki na bia itoke. Mfereji uwe wa chuma kisichoshika kutu, usiwe vile viungo vya mabomba ya maji vilivyopakwa zinki, na raba yake iwe ya silikoni inayovumilia moto. Jaza maji ya kawaida kwanza, uache usiku mzima. Ikidondoka hata tone, fungua uanze upya. Ni bora kumwaga maji kuliko kumwaga bia.

Cha pili, chujio ndani, mbele ya mfereji. La sivyo maganda yataziba na utalia. Cha tatu, kipimajoto. Kimea kinageuza wanga kuwa sukari kwenye nyuzi kati ya 60 na 70 hivi. Ukipitisha sana unakiua, na unabaki na uji. Bibi zetu walipima kwa mkono na kwa uzoefu wa miaka 40. Wewe huna hiyo miaka, nunua kipimajoto. Na usishangae ukiona hakifiki 100 maji yakichemka. Nyanda hizi zetu ziko juu. Nakuru mjini ni karibu mita 1,850, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kipimajoto hakijaharibika. Ni mlima.

Cha nne, alama za lita. Chukua mwiko mrefu, mimina maji lita tano tano, uchonge alama kila hatua. Bure kabisa. Cha tano, njia ya kupoza haraka. Bomba la shaba lililoviringwa na kupitishwa maji baridi ni zuri, lakini hata beseni kubwa la maji linatosha ukiteremsha bia kidogo kidogo kwa ule mfereji kwa sufuria ndogo zilizokaa ndani yake. Bia ikikaa vuguvugu usiku kucha, bakteria wanakula kabla ya hamira.

Umeona? Hakuna kitu hapo cha ajabu. Hakuna kinachohitaji kiwanda. Lakini angalia tena hiyo orodha uniambie ni kipi kati ya hivyo kinaweza kuzikwa kwa matope. Hakuna. Sufuria yenye mfereji, kipimajoto na alama za lita ni chombo cha mtu anayepanga kuwa hapo kesho. Pipa la mtoni ni chombo cha mtu anayepanga kukimbia.

Ndiyo maana nataka kitu kimoja kutoka kwa kaunti ya Nakuru na kwa Nairobi: leseni ndogo ya jikoni. Iwe ya bei ambayo mama wa Subukia anaweza kulipa, na sharti lake la kwanza liwe chombo. Afisa wa afya aje, aangalie sufuria, aangalie maji, achukue sampuli ipimwe methanoli, aandike. Mwenye chombo kibaya apewe muda akibadilishe. Mwenye pipa la kemikali afungiwe, hapo sina huruma. Afisa wa afya tayari anakagua hoteli ya chapati. Kwani pombe inanyweka na ukuta?

Uganda walijaribu kitu cha karibu na hiki miaka ya 1960, wakawapa wapishi wa enguli leseni ili walete pombe yao kiwandani isafishwe upya, na ndiko Uganda Waragi ilikotoka. Haikumaliza pombe ya siri, sitawadanganya. Lakini ilionyesha kwamba mpishi wa kijijini anaweza kuingizwa kwa mfumo.

Mtaniambia nahalalisha ulevi. Hapana. Sufuria safi haiponyi ini, hairudishi karo ya mtoto iliyonywewa, haizuii mtu kumpiga mkewe. Hapa kwetu kuna boma ambazo pombe imezimaliza, na nyingine ilikuwa ya chupa, yenye stika ya KRA na kila kitu. Hiyo vita ya ulevi ipiganwe, kwa masaa ya kuuza, kwa umri, kwa matibabu ya bei nafuu kwa anayetaka kuacha. Lakini mlevi aliye hai unaweza kumsaidia. Aliyepofuka ama kuzikwa humsaidii na chochote. Kijana wa miaka 22 akikosea Jumamosi moja, adhabu yake haipaswi kuwa kaburi.

Mtaniambia pia polisi watakula hongo kwa hiyo leseni. Wanakula sasa bila leseni. Mama akiwa na karatasi ukutani ana kitu cha kuwaonyesha. Leo hana chochote ila mlango wa nyuma.

Mpaka siku hiyo ifike, wewe unayesoma fanya hivi. Ukipewa kitu kwa kikombe, uliza chombo. Sema waziwazi, "Nionyeshe ilipikiwa wapi." Mwenye muratina ya ruracio atakupeleka hadi jikoni akicheka, kwa sababu anajivunia. Mwingine atakasirika, atakuuliza wewe ni karao ama nini. Huyo ameshakujibu. Weka kikombe chini, simama, chukua na rafiki yako mwende. Msimwache huko.